Kuonja mvinyo wa Dunia ya Kale na wa Dunia Mpya: jioni moja Arusha

Mwezi Februari kamati ya harusi ya binti wa kaka yangu ilinikabidhi kazi ya kuchagua vinywaji vya meza kuu, na katika kikao cha tatu mjomba mmoja akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alitaka kujua kwa nini chupa mbili za mvinyo mwekundu, zote za mililita 750 na zenye kiasi cha kilevi kisichopishana sana, ziuzwe moja kwa shilingi 25,000 na nyingine kwa shilingi 95,000, na kwa nini ile ya bei kubwa isiandikwe hata aina ya zabibu zilizotumika. Nilisafiri kutoka Moshi kwenda Arusha nikiwa na swali hilo, kwa sababu nilisikia kwamba duka moja la mvinyo upande wa Njiro huandaa jioni za kuonja ambazo lengo lake ni hilo hasa: kuweka mezani mvinyo wa Dunia ya Kale, yaani Ulaya, na wa Dunia Mpya, yaani nchi za mbali zilizopelekewa mizabibu baadaye, kisha kumwachia mnywaji alinganishe mwenyewe. Tulikwenda wawili, mimi na wifi yangu, mama wa bibi harusi, na kila mmoja alilipa shilingi 70,000. Kwa kuwa nina lawama moja nzito kuhusu huduma, jina la duka nitaliacha, na nitaeleza mazuri na mabaya kama nilivyoyaona.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu chenye rafu za mbao zinazofika karibu na dari, na meza ya kuonjea imewekwa nyuma, chini ya feni. Tulikuwa watu kumi. Kila mmoja aliwekewa glasi nne za miguu mirefu, maji ya kunywa, chombo cha kutemea kwa asiyetaka kumeza, na karatasi nyeupe ya kuwekea glasi ili rangi ya mvinyo ionekane vizuri. Chupa huletwa kwa jozi, yaani mbili za aina moja ya zabibu, moja ya Ulaya na nyingine ya mbali, humiminwa kwa pamoja, na mnywaji anaruhusiwa kutoka glasi hii kwenda ile na kurudi mara nyingi atakavyo. Utaratibu huu ndio uzuri mkubwa wa jioni ile, na nausifu bila kusita. Mtu akionja mvinyo mmoja leo na mwingine wiki ijayo, huwa anachanganya ladha ya mvinyo na kumbukumbu ya chakula alichokula na watu aliokaa nao. Glasi mbili zikiwa mbele yake kwa wakati mmoja, hana pa kukimbilia.

Kijana aliyetuhudumia alianza kwa kuzigeuza chupa mbili za kwanza ili zitutazame, akaweka kidole kwenye lebo ya kulia. "Mama, hapa unasoma nini?" Wifi yangu akasoma: Sauvignon Blanc, Marlborough, New Zealand. Kidole kikahamia kushoto. Hapo palikuwa na jina moja kubwa, Sancerre, jina la mzalishaji, mwaka wa mavuno, na hakuna zabibu yoyote iliyotajwa. Zabibu ni ileile, akasema, ila Mfaransa anachukulia kwamba ukishajua mahali umeshajua na zabibu.

Hilo ndilo jibu la nusu ya swali la mjomba. Inapotajwa Dunia ya Kale katika mambo ya mvinyo, zinakusudiwa nchi za Ulaya na jirani zake ambako mizabibu imelimwa tangu zama za mbali: Ufaransa, Italia, Hispania, Ureno, Ujerumani, na pia Georgia, ambako mabaki ya mitungi ya udongo yanaonyesha kwamba mvinyo ulitengenezwa takriban miaka 8,000 iliyopita. Dunia Mpya ni nchi ambazo mizabibu ilifikishwa na walowezi na wamisionari kutoka Ulaya, nazo ni Marekani, Chile, Argentina, Afrika Kusini, Australia na New Zealand. Katika Dunia ya Kale kinacholindwa ni jina la mahali. Tangu mwaka 1935 Ufaransa ina mfumo wa kisheria wa kulinda majina hayo, na sheria hueleza mipaka ya eneo, aina za zabibu zinazoruhusiwa, kiasi cha juu cha mavuno kwa hekta, na mambo mengine mengi ambayo mkulima hawezi kuyakiuka akaendelea kuliandika jina hilo kwenye chupa. Mkulima wa Sancerre akipanda Chardonnay, mvinyo wake hautaitwa Sancerre hata kama shamba limo katikati ya mji huo. Katika Dunia Mpya mkulima ana uhuru mpana zaidi wa kupanda anachotaka mahali anapotaka, na kwa kuwa majina ya mabonde yake hayakuwa yakijulikana kwa wanunuzi wa mbali, aliandika jina ambalo lingeweza kukumbukwa, yaani jina la zabibu.

Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mtu akikaribishwa mbege, swali lake la kwanza ni kwamba imepikwa kwa nani na wapi, kwa sababu mbege ya mama fulani wa Kibosho anaifahamu, anajua ulezi wake umeota vipi na uchachu wake umefikia wapi siku ya pili. Aina ya ndizi iliyotumika ataiuliza baadaye, kama ataiuliza kabisa. Nilimweleza hivyo wifi yangu, ambaye amekulia Marangu, na tangu hapo hakuilalamikia tena lebo ya Kifaransa.

Jozi ya kwanza ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Mvinyo wa Marlborough ulinukia hata kabla ya glasi kufika puani: pasheni lililopasuliwa sasa hivi, pera bichi, na majani ya nyanya. Sancerre ilikaa kimya mwanzoni, kisha ikatoa ndimu na kitu kinachofanana na harufu ya jiwe la chokaa lililonyeshewa. Tulipewa kachumbari yenye ndimu na pilipili kidogo, na hapo Sancerre ikachangamka kuliko mwenzake, kwa sababu uchachu wake haukumezwa na ule wa kachumbari. Hata hivyo, kwa anayekunywa bila chakula ningemshauri achukue wa New Zealand bila wasiwasi. Eneo la Marlborough lilianza kupandwa mizabibu ya biashara mwaka 1973 tu, na katika kipindi kifupi hivyo limejenga harufu ambayo mtu akiinusa mara mbili hataisahau. Hayo ni mafanikio yanayostahili heshima.

Jozi ya pili ilikuwa ya Chenin Blanc, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko wengine wote mezani, mpaka kijana akaniuliza kama kuna tatizo. Upande wa Kale palikuwa na Vouvray, mvinyo wa bonde la mto Loire, Ufaransa, na upande wa Mpya mvinyo wa Stellenbosch, Afrika Kusini. Afrika Kusini ndiyo nchi yenye mashamba mengi zaidi ya Chenin Blanc duniani, na kwa miaka mingi wakulima wake waliiita Steen. Neno "mpya" lisimpoteze mtu kwa nchi hii: Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyeongoza makazi ya kwanza ya Wazungu huko Rasi ya Tumaini Jema, aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zilikamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza tarehe 2 Februari 1659, miaka 196 kabla ya Bordeaux, eneo maarufu la mvinyo la Ufaransa, kuyapanga mashamba yake kwa madaraja mwaka 1855.

Vouvray ilikuwa na rangi ya majani makavu, harufu ya tofaa na asali, na uchachu mkali unaokamua mate pembeni mwa ulimi, lakini ndani yake mlikuwa na utamu mdogo uliotuliza ukali huo, kiasi kwamba baada ya kumeza hukumbuki kimoja bila kingine. Nililishika funda kinywani, nikahesabu, na ladha iliendelea kubadilika hata baada ya mvinyo kwisha. Ule wa Stellenbosch ulikuwa mnene zaidi, ukiwa na nanasi lililoiva na embe, na uchachu wake ulikuwa wa chini. Sababu haina fumbo: jua likiwa kali zabibu hujaa sukari na kupoteza uchachu, na chachu huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi; kwenye baridi mambo huenda kinyume chake. Ndiyo maana katika baadhi ya maeneo ya baridi ya Ulaya sheria humruhusu mtengenezaji kuongeza sukari kwenye juisi kabla haijachacha ili kilevi kitoshe, ilhali katika nchi za joto anayehitaji huongeza asidi. Anayeulaumu upande mmoja kwa kusaidia maumbile aukumbuke na mwingine.

Lakini kilichonifanya nikae pale ni chupa ambayo haikuwepo. Chenin Blanc hulimwa pia Dodoma, kilomita mia chache kutoka meza ile, na hakuna aliyeitaja. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, wakati vitabu vya mvinyo huweka mizabibu kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini au kusini. Mzabibu wa Loire hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe majira ya kuchipua. Wa Dodoma haulali, na ni mkulima anayeupangia msimu kwa kuupogoa, ndiyo sababu huvuna mara mbili kwa mwaka. Katika Dunia ya Kale na Dunia Mpya tulizoelezwa mezani, maisha ya namna hiyo hayakutajwa. Tena zabibu nyekundu ya Dodoma huitwa Makutupora, jina la mahali penyewe, kana kwamba lebo moja imebeba mahali na zabibu kwa neno moja. Nilimwambia kijana kwamba somo hili likifundishwa Arusha bila chupa ya Dodoma linakuwa na pengo, naye, kwa uungwana, akaandika. Siku mbili baadaye nilifungua nyumbani Chenin mkavu, yaani usio na utamu, wa Dodoma nikiwa bado nina kumbukumbu ya zile mbili: ni mwepesi, harufu yake ni ya limau na papai, ladha yake haidumu kinywani kama ya Vouvray, lakini kwa samaki wa kukaanga ulitosha kabisa na sikuona sababu ya kuuonea haya.

Tulipofika kwenye nyekundu hali ilibadilika. Jozi ya tatu ilikuwa Crozes-Hermitage ya bonde la Rhône, Ufaransa, na Shiraz ya Barossa, Australia. Syrah na Shiraz ni zabibu ileile yenye majina mawili. Chupa zote zilikuwa zimesimama kwenye rafu tangu asubuhi, na jioni ile kipimajoto cha ukutani kilikuwa kwenye nyuzi 27. Wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani, chumba wanachokisema ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya, yaani nyuzi 16 hadi 18, na Arusha ya Februari ni jambo jingine. Shiraz, yenye kilevi cha asilimia 14.5, ilichoma pua kama konyagi. Mwanamume mmoja mwisho wa meza akatoa hukumu hapohapo kwamba mvinyo wa Dunia Mpya hauna adabu.

Niliomba ndoo ya barafu na maji, na chupa zote mbili zikatumbukizwa kwa dakika kumi na tano. Zilipomiminwa tena zilikuwa kama chupa nyingine. Shiraz ilitulia, na nyuma ya kilevi pakatokea zambarau zilizoiva sana, chokoleti, na ile harufu ya vanila na nazi inayotokana na mapipa ya mwaloni wa Marekani ambayo Barossa imeyazoea. Crozes-Hermitage ilikuwa nyembamba zaidi, ikinukia pilipili manga mpya kabisa. Harufu hiyo hutokana na kemikali iitwayo rotundoni, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe, na hujitokeza zaidi kwenye zabibu za maeneo ya ubaridi. Yule bwana aliionja Shiraz mara ya pili, akanyamaza, kisha akaomba aongezewe. Duka linalotoza shilingi 70,000 kwa somo la kulinganisha halina budi kuwa na barafu tayari kabla mgeni hajaiomba, maana bila hiyo upande wenye kilevi kikubwa utashindwa kila mara kwa kosa lisilo lake.

Jozi hii ilitufundisha jambo jingine, na kijana alilieleza vizuri. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyefika kutoka Marekani, aliangamiza sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa na kisha ya nchi nyingi za Ulaya, na dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha vikonyo vya mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mizizi yake inamstahimili. Mdudu huyo hajafika jimbo la Australia Kusini, ilipo Barossa. Kwa hiyo pale Barossa ipo mizabibu ya Shiraz iliyopandwa katika miaka ya 1840 ambayo hadi leo imesimama kwenye mizizi yake yenyewe na bado inazaa, wakati katika mashamba mengi ya Rhône mzabibu wa umri huo hautauona. Ukiwa na glasi mbili mkononi na habari hiyo kichwani, majina ya Kale na Mpya yanakuwa ya kukuonyesha njia tu.

Sasa nifike kwenye lawama yangu. Jozi ya nne ilikuwa ya Cabernet Sauvignon: Bordeaux, ambako kwa kawaida huchanganywa na Merlot na zabibu nyingine, dhidi ya Stellenbosch. Nilikuwa naingojea kwa hamu, kwa sababu ushindani wa aina hii una historia. Tarehe 24 Mei 1976, jijini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha waamuzi Wafaransa mvinyo wa nchi yao pamoja na wa California bila kuwaonyesha lebo, na wa California ukashika nafasi ya kwanza kwa mweupe na kwa mwekundu. Nilitaka kuona Afrika ingefanya nini.

Kijana alipoikata karatasi ya shingoni mwa chupa ya Bordeaux, niliona kizibo kimesukumwa juu ya mdomo wa chupa kwa milimita kama tatu, na ubavuni mwake mlikuwa na mchirizi wa mvinyo uliokauka, mweusi na wenye kunata. Hiyo ni dalili ya chupa iliyopata joto kali: mvinyo hutanuka, hukisukuma kizibo, na hewa hupata njia. Kati ya bandari ya Dar es Salaam na Arusha kuna zaidi ya kilomita 600 za barabara, na sijui chupa ile ilichemkia wapi, lakini nilichokinusa kilikuwa tende zilizopikwa na kupoa, na rangi ukingoni mwa glasi ilikuwa ya matofali ingawa mavuno yalikuwa ya miaka minne tu nyuma. Nilimwomba afungue nyingine. Msimamizi wake akaja, akaonja kwa haraka, akaniambia: "Mama, huu ni mvinyo wa Dunia ya Kale, ndivyo ladha yake ilivyo. Haujazoeleka kwetu." Hakufungua nyingine, na watu kumi wakailinganisha Cabernet safi ya Stellenbosch, yenye harufu ya beri nyeusi na majani ya mnanaa, na chupa iliyoharibika.

Jibu lile liliniuma, na bado linaniuma. Wifi yangu, ambaye alikuja akiwa anafahamu mvinyo mtamu wa sherehe tu, angerudi Moshi akiamini kwamba Bordeaux ni kitu cha kukunja uso, na kwamba kasoro iko kwenye ulimi wake. Ni kweli kwamba mvinyo mwingi wa Ulaya una ukakasi na uchachu unaohitaji kuzoewa, tena unaohitaji chakula: palepale tulipewa mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta, na ukakasi wa nyekundu zote ulilainika mara moja, kwa sababu ukakasi hushikamana na protini za nyama badala ya kukausha mate. Lakini ukakasi ni sifa, na kuchemka ni kasoro, na muuzaji asiyemwonyesha mnunuzi tofauti ya hivyo viwili anamnyima alichokifuata. Chupa za Stellenbosch na Marlborough, ambazo nyingi hufungwa kwa kifuniko cha kuzungusha, zina nafuu kidogo katika safari hizi ndefu kwa kuwa hakuna kizibo cha kuteleza, ingawa kifuniko hicho hakizuii joto.

Kuhusu bei, rafu za duka lile zilinipa nusu ya pili ya jibu la mjomba. Chupa ya Afrika Kusini ya kati iliuzwa shilingi 38,000, wakati ya Ulaya ya kiwango kinachokaribiana nayo ilianzia 70,000. Sehemu ya tofauti hiyo ni jina la mahali ambalo limelindwa na kutafutwa duniani kwa muda mrefu, na sehemu nyingine ni mashamba madogo ya miteremkoni ambako mashine haipiti. Mnunuzi wa shilingi 70,000 asipojua kwamba sehemu ya fedha yake imelipia mahali, ataona ameibiwa. Akijua, na akawa na chakula kinachoufaa mvinyo huo, anaweza kuridhika kabisa kama nilivyoridhika na Vouvray.

Jioni hii naipendekeza kwa mtu yeyote wa Arusha au Moshi anayetaka kuacha kununua chupa kwa kubahatisha, kwa masharti mawili: aulize mapema kama nyekundu zitapozwa, na asione haya kukataa chupa mbovu hata akiambiwa nini. Kwa harusi niliagiza katoni nne za Chenin Blanc na tatu za Shiraz za Afrika Kusini kutoka duka jingine, ambalo stoo yake haina dirisha la jua, na nikaikabidhi kamati kwenye kikao cha nne pamoja na maelezo ya lebo mbili ambazo mjomba alizizungusha mkononi kwa muda mrefu. Wifi yangu aliomba iongezwe chupa moja ya Vouvray kwa ajili ya mshenga, na ameiweka chini kabisa ya kabati la vyombo, mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba yake.